Mjumbe wa Saba

Barua iliyosema Luhende amerudiwa na ugonjwa iliandikwa na mke wake mwenyewe, kwa mwandiko wa kupendeza, juu ya meza ya mwenyekiti, huku amewekewa soda na kitambaa cha kufutia mikono. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyemtisha. Afadhali wangemtisha, maana mtu akitishwa hujua kwamba amefika mahali pabaya.

Evelina alikwenda mwenyewe, Jumatatu asubuhi, akafunika cherehani yake hapo Mirongo na kuwaomba majirani wawaambie wateja wa sare za shule warudi mchana. Alikwenda kuomba msaada. Mzee Nestory alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Tulizo, shirika linalohudumia wagonjwa wa akili, na pia alikuwa mzee wa kanisa analosali Evelina. Ukiwa na shida ya namna ile, unakwenda kwa nani kama si kwa mtu aliye hayo yote mawili?

Shida yenyewe ni kwamba mumewe alikuwa ameanza kutembea. Mara tatu ndani ya wiki mbili Luhende aliamka, akavaa viatu, akaondoka kwa miguu kutoka Mirongo mpaka Kisesa, akarudi jioni na vumbi mpaka magotini, akakaa na daftari lake akiandika. Ukimwuliza, anasema nyumba ya shirika kule Kisesa imejazwa vitanda vya wageni na wagonjwa wanachomwa sindano chini ya tangi la maji. Evelina hakuisikia habari ya vitanda. Aliisikia habari ya kutembea. Miaka sita nyuma, ugonjwa ulipompata mara ya kwanza, Luhende alitembea hivyo hivyo mpaka kivukoni, siku zile daraja la Busisi bado ni nguzo tupu, akakutwa anawaeleza walinzi kwamba kivuko kinapunja uzito wa watu. Ni fundi mizani. Hata kuugua kwake kulikuwa kwa mizani.

"Mpaka Kisesa kwa miguu," Mzee Nestory alisema, akitikisa kichwa polepole. "Na analala?"

"Halali vizuri, mzee. Anageukageuka tu."

"Basi liandike hilo. Si kwa ubaya, mama. Ni ili tuweze kumsaidia."

Akampa karatasi, akawa anamwelekeza. Aanze na tarehe. Aseme yeye ni mke wa ndoa. Aseme mumewe anatembea umbali mrefu bila sababu, halali, na anazungumza mambo yasiyokuwepo kuhusu nyumba ya Kisesa. Hapo Evelina alisita, akauliza kama hilo la mwisho lina umuhimu wowote. Mzee Nestory akasema daktari akiisoma atataka kujua mgonjwa anasema nini hasa. Daktari gani, hakumtaja, na Evelina aliona si adabu kumhoji mzee wa kanisa. Aliandika, akatia sahihi, akashukuru, akamalizia soda kwa sababu kuiacha ingeonekana dharau.

*

Hakuna daktari aliyeiona barua ile. Iliingia moja kwa moja kwenye faili la mkurugenzi wa shirika, dada mmoja nadhifu aitwaye Odeta, na humo ndimo ilimofanya kazi iliyokusudiwa.

Katiba ya Tulizo inataka bodi iwe na wajumbe saba. Wa saba lazima awe mtu aliyewahi kuugua akapata nafuu, na kikao bila yeye hakina akidi. Wafadhili ndio waliosisitiza kipengele hicho. Basi kila mwaka picha ya Luhende katika shati jeupe ilitoka kwenye jarida la shirika, chini yake pameandikwa Sauti Yetu, na kwa miaka minne sauti hiyo ilitia sahihi kila ilipoonyeshwa kwa kidole. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza kama analala.

Mwaka wa tano ikaletwa ajenda ya kubadilisha matumizi ya nyumba ya Kisesa. Nyumba ile ilitolewa na marehemu Bibi Suzana, mwenye ng'ombe wengi na mtoto mmoja, na mtoto huyo, aliyeugua akili, alifia kwenye banda la ndama akiwa amefungwa kamba, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Bibi alitoa nyumba ili mtoto wa mtu mwingine asifungwe. Luhende akauliza kikaoni wagonjwa watahamia wapi. Kikao kilichofuata akauliza tena. Cha tatu akakataa kutia sahihi. Mtu aliyekuwa mzima kwa miaka minne akawa mgonjwa kwa swali moja.

Na katiba hiyo hiyo inasema mjumbe wa saba akirudiwa na ugonjwa, mlezi wake atakaa mahali pake. Ndiyo maana Evelina alipewa soda.

*

Barua ya kumpumzisha Luhende ililetwa na dereva wa shirika siku ya Alhamisi. Luhende alikuwa nje kwenye benchi lake la kazi, ameufungua mzani wa Chenge, muuza sato wa pale karibu. Alifuta mikono, akaisoma amesimama. Nyuma ya barua hiyo walikuwa wamebana nakala ya ile aliyoiandika Evelina. Labda ni uzembe, labda ni ukatili. Kwa watu wale huwezi kujua, maana vyote viwili wanavifanya kwa tabasamu lile lile.

Akaingia ndani. Evelina alikuwa anapiga pindo la sketi. Luhende hakupandisha sauti.

"Mwandiko wako haujabadilika," alisema. "Ni mzuri."

Evelina alieleza, akarudia kueleza, akasema alitaka msaada, akakumbusha habari ya kivukoni, akasema mtoto naye anaogopa. Luhende alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu, kama aliwahi hata mara moja kufikiria kwenda Kisesa akaangalie kwa macho yake. Evelina hakuwahi. Alikuwa amekwenda kanisani kumwombea, alikuwa amehesabu vidonge kwenye chupa kwa siri, alikuwa amemwuliza jirani dalili zikoje. Kisesa hakwenda.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, Luhende alichukua vidonge vyake kama ilivyo kawaida, lakini safari hii alikuja navyo mpaka mbele ya mkewe. Akavitia mdomoni, akanywa maji, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akautoa nje, akaupeleka kushoto na kulia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa wodini miaka ile, ili muuguzi ahakikishe mgonjwa hajavificha. Nyumbani hakuwahi kufanya hivyo. Evelina alimwambia aache. Hakuacha mpaka alipomaliza. Binti yao Precious, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mlangoni na begi la shule mgongoni, akaona kila kitu.

Mchana, habari ikiwa imeshaenea mtaani, Chenge alikuja kuuchukua mzani wake. Alisalimia vizuri, akauliza habari za familia, akasema anauhitaji kidogo tu, ataurudisha. Mzani ulikuwa umefunguliwa kila kitu kiko nje, hauwezi kupima hata fungu la dagaa. Luhende hakubishana naye. Alimfungia skrubu kwenye kipande cha gazeti, akamwonyesha ipi inaingia wapi na springi inakaa upande gani. Chenge aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, sawa kaka, kwa ile sauti anayopewa mtu ambaye hutaki azue jambo. Kufika Jumamosi, benchini ulibaki mzani mmoja, nao ulikuwa wa Luhende mwenyewe.

*

Kikao cha bodi kiliitishwa baada ya wiki mbili, huko huko Kisesa. Odeta alimfuata Evelina kwa gari la shirika lenye kiyoyozi, akamsifia gauni, akamwambia asiwe na wasiwasi, ajenda ni fupi na kila kitu kimeshaandaliwa. Kabla hajatoka, Luhende alimwambia mkewe maneno machache ambayo Evelina aliyaona ya ajabu.

"Ukifika, omba kwenda chooni. Kile cha nyuma."

Alikubali kwa sababu alikuwa na deni la kumsikiliza, hata kama hakujua anasikiliza nini. Walipofika, wajumbe walikuwa bado wanasalimiana barazani. Evelina alimpa Mzee Nestory shikamoo, akapewa marahaba na kiti cha mbele. Akaomba choo. Odeta akamwonyesha cha ndani, chenye marumaru. Evelina akasema amezoea cha nje, akapita kwenye ukumbi mwembamba kabla hawajamwandalia mtu wa kumsindikiza.

Milango ya vyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, na kila mmoja una jina la kisiwa: Ukerewe, Kome, Saanane. Mlango wa Kome ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na kitanda kipana, na juu yake taulo jeupe limekunjwa likawa bata. Hicho kilikuwa chumba cha sindano. Evelina alikijua, maana alimleta mumewe hapo mara nyingi miaka ya mwanzo, na kwenye fremu ya mlango bado yalionekana matundu ya pazia la wagonjwa.

Nyuma ya nyumba lilikuwapo tangi la maji juu ya nguzo nne za zege, na chini ya tangi ilikuwa kliniki. Watu kama ishirini walikaa juu ya matofali na magogo. Muuguzi alikuwa na sanduku la dawa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tangi lilikuwa linavuja, tone moja moja, juu ya mabega ya waliofikiwa na zamu. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama anachomwa sindano ya takoni, na mwenzake amemnyooshea kanga kumkinga, lakini kanga inakinga upande mmoja tu. Upande wa pili ni uzio wa waya, na nje ya uzio madereva watatu wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wanatazama, mmoja anakula muwa. Muuguzi hakuwafukuza. Alikwisha kuchoka kuwafukuza.

Bibi mmoja alimsalimia Evelina kwa Kisukuma, akamwangalia sana, akamwuliza kama ndiye mke wa yule baba anayekuja kwa miguu.

"Ndimi," Evelina alisema. "Kwa nini anakuja kwa miguu?"

Bibi alishangaa kwamba hajui. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Luhende akija na gari la shirika, wagonjwa hufunguliwa chumba mapema na kukalishwa kwenye viti. Basi akaanza kuja peke yake, bila taarifa. Na siku ya kwanza alipowakuta chini ya tangi, alikuta pia watu wawili waliolala hapo tangu jana yake kwa kukosa nauli ya kurudi Kayenze. Tangu hapo akawa anawaletea nauli yake mwenyewe. Akitembea kuja na kurudi, alisema, inatosha watu wawili.

Evelina aliikumbuka hela ya mboga aliyokuwa akiikuta imepungua. Alikuwa ameihesabu hiyo nayo kama dalili.

*

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Mzee Nestory alimwomba Mungu awakumbuke wanyonge wote, hasa waliopotewa na nuru ya akili, na sala ilikuwa ndefu kiasi kwamba chai ilianza kupoa. Matone ya tangi yalikuwa yanasikika dirishani. Kisha katibu akatangaza kwamba wajumbe ni saba na akidi imetimia, na watu wakamtazama Evelina kwa upendo.

Ikaja sehemu ya kuthibitisha mihtasari ya vikao vilivyopita. Kwa kawaida hakuna anayeisoma; mtu hufunua kurasa, mwenzake anasema ithibitishwe, mwingine anaunga mkono. Evelina aliisoma. Katika muhtasari wa kwanza iliandikwa: Mjumbe wa saba alizungumza nje ya ajenda. Mwenyekiti alimwuliza kama analala. Kikao kilimpa pole. Akafungua wa pili. Maneno yale yale. Akafungua wa tatu, yale yale, na neno pole limeandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni. Swali la mumewe halikuandikwa mahali popote. Mara tatu mtu amesimama mbele ya watu sita akauliza wagonjwa watakwenda wapi, na karatasi inaonyesha amepewa pole.

Odeta akasukuma mbele yake azimio la nyumba, na kalamu juu yake, kifuniko kimeshatolewa.

"Kabla sijatia sahihi," Evelina alisema, "naomba kuuliza. Wale walioko chini ya tangi, mkishamaliza na vyumba, mtawapeleka wapi?"

Odeta alisema huduma itaendelea kutolewa katika mazingira rafiki. Evelina akasema ametoka kuyaona hayo mazingira, yanavuja. Mjumbe mmoja akaangalia saa. Mwingine akachukua sambusa, akaiuma, akatafuna polepole ili asiwe wa kwanza kusema. Katibu hakuandika chochote. Ndipo Mzee Nestory aliposogeza kiti chake karibu, akaweka mkono juu ya mkono wa Evelina, mkono laini wenye pete ya ndoa, akauliza kwa sauti ile ile ya siku ya soda.

"Mama Precious. Unalala?"

Nyuso zote sita zilimgeukia zikiwa na huruma. Huruma ile ndiyo inayotia kichefuchefu kuliko wizi wenyewe. Mwizi wa sokoni anakimbia akionekana. Hawa walikaa, wakainamisha vichwa, wakamhurumia. Na kalamu ya katibu, iliyokuwa imelala muda wote, sasa iliinuka ikangoja. Evelina alielewa kwamba akijibu halali, ni dalili. Akijibu analala, atakuwa anakana, na hiyo ni dalili pia. Mume wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile na kuulizwa vile vile, kisha akarudi nyumbani kwa mke ambaye naye alikuwa anamwuliza hivyo hivyo.

Aliutoa mkono wake. Akasema hatii sahihi, akachukua mkoba, akatoka. Kikao kikabaki na watu sita na bakuli la sambusa.

Nauli aliyokuwa nayo alimpa yule bibi chini ya tangi. Kisha akaanza kutembea kurudi mjini, na viatu vya kanisani. Alipofika Igoma, kamba ya kiatu kimoja ilikatika. Karibu na Nyakato gari la shirika lilimpita, likapunguza mwendo, kioo kikashuka. Mzee Nestory alimtazama miguu yake yenye vumbi, akamtazama usoni. Kioo kikapanda. Evelina alijua papo hapo kitakachoandikwa.

*

Luhende alipomwona anaingia na kiatu mkononi, aliinuka. Alileta beseni la maji, akaliweka chini. Evelina aliosha miguu, akasema ameona, akataja vile visiwa vitatu, akasema habari ya nauli. Akaomba msamaha, na alipoomba alilia, naye Luhende akasema amemsamehe. Alisema kwa upole. Hakukaa karibu naye.

Usiku ule ule aliandika barua ya pili, ya kuifuta ya kwanza. Alieleza kila alichokiona, kwa nini mumewe alitembea, na nani alimwelekeza maneno ya kuandika. Aliipeleka ofisini mwenyewe, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Baada ya siku tisa jibu lilikuja. Bodi imepokea barua yako kwa moyo wa huruma. Bodi inatambua kwamba kumwuguza mgonjwa kwa muda mrefu huathiri pia akili ya mlezi, na kwamba mlezi ameonekana akitembea kwa miguu umbali mrefu bila sababu. Tunakushauri upate mapumziko.

Ya kwanza, iliyojaa uongo, ilihesabiwa kuwa ya mtu mwenye akili timamu. Ya pili, yenye ukweli mtupu, ikahesabiwa kuwa dalili. Mwandiko ulikuwa mmoja.

Kiti cha saba alipewa Venant, aliyewahi kuugua naye na aliyekuwa akifagia uwanja wa Kisesa, mtu mpole ambaye kwa siku nzima anaweza asiseme maneno kumi. Walimnunulia koti. Alitia sahihi alipoonyeshwa, na wanaomjua wanasema aliporudi aliuliza kama koti ni lake au atalirudisha. Sasa picha yake iko kwenye jarida, na chini yake pameandikwa Sauti Yetu. Vyumba vya Kisesa vinajaa kila wikiendi, hasa msimu wa harusi.

Evelina alizunguka kwa wateja wa mumewe mmoja mmoja akiwaeleza kwamba alikosea, kwamba Luhende ni mzima. Walimsikiliza. Chenge alimwambia pole sana, shemeji, akamwuliza anaendeleaje yeye mwenyewe.

Asubuhi moja, baada ya chai, Precious akiwa bado anafunga viatu vya shule, Luhende alichukua vidonge vyake akaja kusimama mbele ya mkewe. Evelina alimwambia kwa sauti ya chini asifungue mdomo. Alimwambia mimi ndiye niliyekosea, nimekuomba msamaha, sikukagui tena mpaka nakufa. Luhende aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Akameza, akanywa maji. Kisha akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akaupeleka kushoto na kulia, akangoja hivyo, mdomo wazi, mpaka mkewe aliposema sawa.